Soksi Moja

Kila mwaka, barafu ya mto ikishapasuka,
dada yangu Tellervo hunitumia soksi moja kwa posta.
Ya sufu, ya kijivu, yenye mstari mwekundu kifundoni.
Ndani ya soksi mna diski,
na ndani ya diski, kwa maneno yake, yumo Urpo.

Si Urpo mwenyewe. Urpo tulimzika Tornio
ardhi ikiwa imeganda hata wachimbaji wakaiwashia moto.
Ni macho yake: miaka ishirini na miwili
ya kusimama kwenye dirisha lilelile la jikoni
akiupiga picha mto uleule
siku barafu inapoamua kuondoka.
Picha elfu sita na mia tatu za maji,
na mpigaji hayumo hata katika moja.

Zamani zote zilikaa mahali pamoja,
katika kisanduku cheusi juu ya jokofu.
Usiku mmoja kisanduku kikaanza kugonga,
tak, tak, tak,
kama mtu aliyefungiwa nje kwenye baridi
na bado ana adabu.
Tellervo alinipigia, akakiwekea simu nisikie.
Nikamwambia: kizime. Usikiguse. Mwite kijana.

Kijana, mjukuu wake Eelis, alifika kwa basi la asubuhi,
akaokoa alichoweza kuokoa,
akala viazi, kisha akahubiri:
Nakala tatu, bibi. Mbili hapa, katika vyombo tofauti.
Ya tatu ikae mbali, moto wa nyumba hii usipofika.
"Mbali kwa nani?"
"Kwa mtu unayemwamini."
Dada yangu, nasikia, alifikiri
muda mrefu kuliko ilivyopendeza,
ndipo akanitaja mimi.

Basi mbali ni mimi.
Lappeenranta, ghorofa ya tatu,
kabati la mashuka, upande usiopakana na sauna.
Ya mwaka huu ikifika, naitoa ya mwaka jana,
naivisha soksi ya pili, naituma kaskazini.
Usiku mmoja tu kwa mwaka
jozi hukamilika mezani pangu.

Akiba haiozi, husemwa.
Hii huoza. Huoza bila harufu.
Mwaka wa kwanza niliifungua kwa udaku tu,
nikakuta picha mia na kumi na nne
nusu ya juu mto, nusu ya chini kijivu,
kama ukuta uliopakwa rangi na mtu mwenye haraka.
Kijana akakagua zile mbili za nyumbani: vivyo hivyo.
Tulikuwa tumeunakili ugonjwa
kwa uaminifu mkubwa, mara tatu.

Tangu siku hiyo nina sheria yangu,
Eelis hakunifundisha:
nakala usiyoifungua ni uvumi.
Kwa hiyo usiku ule wa jozi navaa miwani,
nafumba macho, naangusha kidole popote,
nafumbua, natazama. Mara arobaini.
Chai hupoa.

Ipo moja tunayoigombania.
Juu, vipande vya barafu vimepandana.
Chini, kijivu.
Tellervo anaapa kwamba pale chini alikuwepo Halla,
mbwa wao, masikio juu, akibwekea mto.
Namwambia Halla alikufa majira ya baridi kabla ya hapo.
"Wewe umejuaje? Hukuwepo."
Kweli. Mimi ni mbali.

Nilimshauri aifute, inakula nafasi.
Alikaa wiki mbili bila kunipigia.

Jana soksi imefika.
Nikaitafuta ileile kwanza, macho wazi, bila bahati nasibu.
Simu ikalia kabla sijakaa vizuri.
"Umeifungua?"
"Nimeifungua."
"Imebadilika?"
"Haijabadilika. Kijivu ni kilekile."
"Basi salama," akasema,
akaniuliza kama huku kwetu maziwa yamepanda bei.